Barakoa ya kushonesha: jibu kwa dada wa Tabata

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Tabata, na kila asubuhi napanda daladala kwenda Kariakoo kwenye biashara yangu ya vyombo. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 14, 9 na 4, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67 na anasumbuliwa na kisukari. Nataka barakoa za kitambaa, zile za kufua na kuvaa tena, za familia nzima. Jirani yangu ni fundi cherehani, anashona za kitenge, ila bei yake imezidi kidogo zile zinazotembezwa kituoni. Ningependa kumuunga mkono. Mume wangu anasema kitambaa ni kitambaa tu, na kwamba kirusi cha korona ni kidogo mno, kitenge hakiwezi kukizuia. Je, ninunue zipi, na nitajuaje kama ni nzuri?"

Marahaba, dada yangu. Nenda kwa jirani yako, ila usiende kununua. Nenda kushonesha.

Wewe mwenyewe unaijua tofauti hiyo. Gauni la dukani unalikuta limeshamalizika, unachagua rangi, unalipa. Gauni la fundi unaanza nalo kwenye kitambaa, unapimwa, unasema hapa pabane, hapa palegee, unarudi kujaribu. Barakoa inayoning'inia kwenye mwavuli wa muuzaji pale kituoni imeshafungwa pande zote nne, na kilicho ndani hukioni. Inaweza kuwa na matabaka matatu, inaweza kuwa na moja lililokunjwa pembeni ili lionekane mawili. Jirani yako atakuonyesha kitambaa kabla mkasi haujapita. Hiyo ndiyo faida kubwa ya fundi wa mtaani, na wateja wengi wanaiacha bure kwa kumfuata akiwa ameshamaliza kushona.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha kupimia ubora wa vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, na sasa nafundisha ushonaji. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua, yaani kitambaa na mshono.

Nianze na hoja ya shemeji, maana hajakosea yote. Kirusi cha korona kina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya mikroni, na mikroni yenyewe ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nafasi iliyopo kati ya uzi na uzi kwenye kitenge ni kubwa kuliko hapo mara nyingi sana. Kama kitambaa kingefanya kazi kama chekecheo, angekuwa ameshinda ubishi. Lakini kirusi hakisafiri mtupu. Kinatoka kwa mtu kikiwa ndani ya majimaji ya mate na kamasi, matone makubwa na madogo, tunapoongea, tunapokohoa, hata tunapocheka. Na hewa inayopita kwenye kitambaa hainyooki. Inapinda huku na huku katikati ya nyuzi na vile vinyoya vidogo vya pamba. Tone zito linashindwa kupinda, linajigonga kwenye uzi na kubaki hapo, kama gari lililojaza abiria linavyoshindwa kukata kona kwa kasi. Ukiongeza tabaka la pili na la tatu umeongeza kona. Yale matone madogo kabisa mengine yatapita, ndiyo maana barakoa ya kitambaa inapunguza hatari bila kuimaliza, na kazi yake kubwa zaidi ni kuzuia cha kwako kisimfikie mwenzako. Ndani ya daladala ya Tabata, watu wamesimama kifua kwa mgongo, kupunguza huko kuna thamani kubwa pale wote wanapovaa na madirisha yakiwa wazi.

Sasa kitambaa. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu barakoa za kitambaa, na ushauri wake ulikuwa matabaka matatu yenye kazi tatu tofauti. La ndani, linalogusa mdomo, liwe la kunyonya unyevu, kama pamba. La kati liwe la kuchuja, kama kile kitambaa kisichofumwa cha polipropilini (aina ya plastiki), au pamba nyingine. La nje liwe lisilonyonya maji upesi, kama poliesta au mchanganyiko wenye poliesta. Ukilielewa hilo, utaona kwamba swali la "kitenge au si kitenge" halitoshi, kwa sababu kitenge kinaweza kukaa ndani au nje kutegemea kimetengenezwa kwa nini.

Vitenge vingi vya Kariakoo vimeandikwa pembeni kwamba ni pamba tupu, na maandishi hayo si kila mara ni ya kweli. Mafundi wazoefu wana kipimo chao na ni cha kuaminika: chomoa nyuzi mbili tatu pembeni mwa kitambaa, zishike kwa kibanio, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini, linasagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi na harufu kali. Kama nyuzi zinawaka na pia zinaacha vipunje vigumu, ni mchanganyiko. Poliesta si mbaya kwa tabaka la nje. Ila usikubali iwekwe ndani, kwa sababu jasho na pumzi vitabaki juu ya ngozi, na kwa joto la mji huu utaanza kuivuta barakoa kidevuni kabla hujafika Buguruni.

Kipimo cha pili ni mwanga. Inua kitambaa mbele ya taa. Ukiona weupe tu uliotawanyika, kimefumwa vizuri. Ukiiona taa yenyewe na umbo lake, kimefumwa kwa nafasi, na hata ukikikunja mara mbili hakitakufaa sana. Fanya hivyo baada ya kitambaa kufuliwa, si kabla. Kitambaa kipya kina dondo, yaani wanga unaotiwa kiwandani, na dondo huziba nafasi na kukifanya kionekane kizito, hata maji yanateleza juu yake. Kanga mpya ndiyo inayodanganya zaidi kwa hili. Ifue mara mbili, itakuonyesha sura yake halisi. Kufua kwanza kuna faida nyingine: kitambaa cha pamba hurudi, yaani hupungua urefu na upana baada ya kuguswa na maji. Barakoa iliyokutosha siku ya kwanza, ikiwa kitambaa hakikufuliwa kabla ya kukatwa, itakuwa inateremka puani ukifungua mdomo kabla ya wiki kuisha. Mwulize jirani yako swali hili moja: "Kitambaa umekifua kabla ya kukata?" Jibu lake litakuambia mengi kuhusu kazi yake.

Kuhusu mabaki. Mafundi wengi wanashona barakoa kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, na mimi sioni ubaya, ilimradi viwe vimefuliwa na matabaka ya barakoa moja yawe ya aina inayotakiwa. Vipo vipande viwili ambavyo ningekuomba uvisake. Kimoja ni kitambaa cha mashati ya shule. Shule zilipofungwa Machi 2020, mafundi wa sare hapa mtaani kwangu walibaki na majora hawana wa kumshonea, na wengi wao ndipo walipogeukia barakoa. Kitambaa kile kwa kawaida ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, kimefumwa kwa kubana, na ni chepesi. Kwa tabaka la nje sijaona kizuri zaidi yake kwa bei yake. Kingine ni shuka za mtumba, zile nyororo na nzito za pamba zinazopatikana Mchikichini pale Ilala. Ukiipata isiyo na sehemu iliyochakaa, ichemshe, ianike, inakupa tabaka la ndani safi sana kwa watu wengi.

Vya kukataa: kitambaa cha fulana na chochote kinachovutika, kwa sababu kikinyooshwa usoni matundu yake yanafunguka. Lesi, hata ikiwa na bitana nyepesi, hata kama imefanana na sare ya harusi. Na kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hukibandika kwa pasi ndani ya kola ili isimame. Barakoa inakuwa imenyooka na inapendeza, lakini gundi imeziba njia ya hewa, na hewa ikikosa njia ya mbele inatoka pembeni mwa mashavu bila kuchujwa.

Tabaka la kati ndilo linalowashinda wengi, kumbe malighafi yake tunayo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tuliletewa mifuko mbadala laini kama kitambaa. Mingi ni polipropilini isiyofumwa, jamii ileile iliyotajwa kwenye mwongozo. Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Uwe mpya, mfuko uliobeba dagaa au kitunguu haufai hata ukifuliwa. Usiwe na maandishi wala ule mng'ao wa plastiki juu yake. Na usiwe mnene: uweke mdomoni, uvute pumzi, kama inapita kwa shida tafuta mwembamba zaidi. Kama jirani yako hana, basi pamba iliyobana kwa matabaka yote matatu ni bora kuliko kulazimisha mfuko mzito.

Na pasi isiguse tabaka hilo. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwa ajili ya pamba inavuka hapo. Pasi ya mkaa ndiyo haina kipimo kabisa. Mwanafunzi wangu mmoja alishona barakoa 30 kwa usafi mkubwa, kisha akazipiga pasi ili marinda yakae. Kwa nje zilikuwa zimenyooka kuliko zote darasani. Tulipofumua moja, kitu cha kati kilikuwa kimegandamana kama ganda la kitunguu, na pumzi haipiti. Marinda yapigwe pasi kabla ya kuingiza tabaka la kati, au yakandamizwe kwa kucha.

Mwambie jirani yako akupime, kila mmoja wenu na kipimo chake. Kutoka juu ya pua hadi chini ya kidevu, na kutoka karibu na sikio moja hadi jingine. Barakoa ya hospitali ya mtu mzima ina upana wa sentimita 17 na nusu na kimo cha 9 na nusu marinda yakiwa yamefungwa, na hicho ni kianzio kizuri, lakini uso wa mume wako na wa mtoto wa miaka 9 haziwezi kutumia kipande kimoja. Kama ana ndevu nyingi, ajue kwamba pembeni pataachia kidogo. Mimi nachagua ya marinda kuliko ile yenye mshono wa katikati unaopita puani hadi kidevuni, kwa sababu kila tobo la sindano kwenye mshono ule liko mbele kabisa ya mdomo. Juu ya pua atie waya unaokunjika. Waya wa shaba ni mzuri. Wa kufungia nondo unashika kutu ukifuliwa mara chache. Ncha zikunjwe zisichome.

Lastiki au kamba? Kwa wanawake wanaovaa ushungi, lastiki ya masikioni ni usumbufu, maana inabidi uingize vidole chini ya ushungi kila ukivua. Kamba nne za kufunga kisogoni juu ya ushungi zinakaa vizuri zaidi na zinabana uso sawasawa. Lastiki pia inalegea upesi kwa jua na sabuni. Kamba ya kitambaa itadumu kuliko barakoa yenyewe.

Ukishaivaa, vuta pumzi mbele ya kioo. Barakoa iliyokaa sawa inanywea ukivuta na kufutuka ukitoa. Ikitulia tu huku wewe unapumua, hewa yako inapita pembeni.

Sasa bei, na hapa nakuomba unisikilize kama ndugu. Kila mtu wa Dar anajua kupatana, na sikukatazi. Lakini fikiria hesabu ya fundi. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa inchi 45 inatoa vipande kama 20 vya sentimita 20 kwa 22. Vipande 20 ni tabaka moja la barakoa 20. Ukitaka tabaka la ndani na la nje, yadi hiyohiyo inatoa barakoa 10 tu, bado la kati, uzi, waya, kamba, na marinda matatu ya kukunja kwa mkono kila moja. Ukimvuta chini mpaka bei ifanane na ya kituoni, kitambaa hakitashuka bei kwa sababu yako. Atakachoweza kupunguza ni lile tabaka usiloliona. Nimewahi kupewa barakoa nizikague za kikundi kimoja kilichoagiza nyingi kwa bei ya kutupa. Kila moja niliyoifungua ilikuwa na kitambaa kimoja, na pindo nene pembeni ili mkono ukigusa udhani ni viwili. Fundi alikosea, na aliyembana bei naye alikosea. Kwa hiyo mpelekee kitambaa mwenyewe ukiweza, umlipe ufundi wake kwa haki. Hapo hana sababu ya kupunguza, na wewe unakijua kilichomo.

Hata ukikosa muda ukanunua kituoni siku moja, usijaribishe usoni. Zile zimeshajaribiwa na wengine na kurudishwa kambani. Nunua, fua, ndipo uvae.

Mama yako nimemtenga kwa makusudi. Mwongozo uleule wa Juni 2020 ulisema wenye miaka 60 na zaidi, na wenye maradhi kama kisukari, wavae barakoa za kitabibu pale ambapo hawawezi kukaa mbali na watu. Mama ana yote mawili. Usimshonee ya kitenge ukadhani umemaliza. Mnunulie za hospitali kwenye duka la dawa lenye kibali, azivae anapokwenda kliniki au anapopokea wageni, na akishatumia moja itupwe. Zile hazifuliwi: tabaka lake la kati linanasa vumbi na matone kwa chaji ya umeme iliyotiwa kiwandani, na sabuni inaiondoa chaji hiyo. Ukitaka kujua kama boksi ni la kweli, kata moja kwa mkasi. Ukute matabaka matatu, na la katikati liwe jeupe, laini, tofauti na mengine. Ukikuta mawili, rudisha. Ninyi wengine mnaotoka na kurudi, hasa wewe wa Kariakoo, ndio mvae zilizoshonwa na jirani mnapokaa karibu na mama siku mkihisi mafua.

Mtoto wa miaka 4 mwache. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri watoto wa miaka 5 na chini wasilazimishwe barakoa. Wa miaka 9 anaweza kuvaa akielekezwa, wa 14 avae kama ninyi.

Idadi: barakoa ikilowa imeshapunguza kazi yake, na kwa jasho letu inalowa kabla ya saa sita mchana. Kwa wewe na mume wako hesabu mbili kwa siku kila mmoja, na seti mbili ili moja ianikwe. Watoto wawili, tatu tatu. Jumla 14. Beba ya akiba kwenye bahasha ya kaki, na iliyolowa iweke kwenye mfuko mwingine. Jioni fua kwa sabuni na maji ya moto, au kwa maji ya kawaida kisha uchemshe dakika moja, anika juani. Usiloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe kila siku, inakula nyuzi.

Usiagize zote 14 leo. Mwombe jirani akushonee mbili, moja yako na moja ya mume wako. Zifueni, mzivae siku tatu mkienda kazini. Angalia kama inashuka puani ukiongea na wateja, kama kamba zinakata shingo, kama mshono umeanza kuachia. Mrudishie, mwonyeshe, arekebishe kipimo. Kisha mpe kitambaa cha zile 12, na umlipe nusu ya ufundi siku hiyohiyo ili akanunue waya na uzi.